Breki ya Mbele Kabla ya Mteremko



Mteremko wa Dareda na ule wa Magara hatuna haja ya kuwaeleza. Wainjilisti, wauguzi na mabwana shamba wanaushuka kwa pikipiki, mara nyingi wakiwa na abiria nyuma. Katika vikao vyetu tumezungumza sana juu ya idadi ya pikipiki na bei ya petroli. Leo tuzungumzie breki ya diski ya mbele. Ukifunga breki, uzito huegemea mbele, na kwenye mteremko huzidi. Dereva asiyeiamini tena breki hiyo hukanyaga ya nyuma peke yake, na gurudumu la nyuma likiteleza kwenye changarawe hana kingine cha kumsaidia.

Ugonjwa wa breki hupimwa kwa vidole. Pikipiki ikiwa imesimama, minya liva. Ikiwa laini kama sponji, kisha inakuwa ngumu ukiminya mara kadhaa, kuna upepo ndani. Ikiwa ngumu tangu mwanzo lakini pikipiki haisimami, tazama pedi: huenda zimekwisha, au zimelowa oili tunayopaka mnyororo. Pedi iliyolowa haiponi kwa msasa. Inunuliwe mpya, na diski isafishwe kwa spiriti. Liva ikishuka polepole huku umeibana, na hakuna kinachovuja nje, mipira ya ndani ya pampu ya juu imechoka. Wengi hubadilisha pedi kwa kila ugonjwa, na fedha za usharika hupotea hapo.

Lakini lipo tatizo ambalo vidole havilioni. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa. Yale ya DOT 4, yakiwa mapya, huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Yakishanywa maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 tu. Mteremko ukiwa mrefu diski hupata moto, mafuta huchemka, na mapovu hayana nguvu ya kusukuma pedi. Liva inaingia mpaka mwisho katikati ya kona. Dereva akifika chini salama, breki hupoa na kurudi kama kawaida. Anapompelekea fundi, fundi haoni kasoro, na dereva anaonekana mwoga. Tunaomba kamati ziwasikilize madereva wanaotoa taarifa za namna hii.

Dawa yake si ghali. Mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2, hata kama kikopo bado kimejaa, na ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Oili ya injini isitiwe kamwe, huvimbisha mipira. Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili: mmoja anabana liva na kuishikilia, mwenzake anafungua nati ya kutolea upepo, mafuta yanatoka kwa mpira mwembamba hadi kwenye chupa, nati inafungwa, ndipo liva inaachiwa. Mnarudia mpaka mapovu yaishe, huku mkijaza kikopo cha juu kisikauke.

Katika bajeti mtakazoleta, tunaomba mafuta ya breki na pedi viwe na fungu lake, mbali na petroli. Fundi yupo chini ya mti pale nje. Waliokuja na pikipiki wamwone kabla hawajaondoka.