Ukinyamaza Watakujuaje?

 

Ndugu zangu vijana, nanyi wazazi mlioketi huko nyuma, leo nataka kusema na walio chuo kikuu na wanaoelekea huko inshaallah. Siku hizi mwalimu aweza kukwambia: kikundi chako ni wewe, Mturuki mmoja na Wamarekani wawili. Mtakutana kwenye kompyuta wiki nane, kisha mtoe ripoti moja, na alama ni zenu nyote.

Jambo hili si geni. Shirika la Soliya lilianzishwa mwaka 2003, likawa lawakutanisha kwa video vijana wa nchi za Kiislamu na wa Magharibi. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kikafungua kituo cha COIL, kusaidia walimu wa nchi mbali mbali kuunganisha madarasa yao na kuwapa wanafunzi kazi ya pamoja. Na hapo kwenye kazi ndipo penye mtihani. Mazungumzo matamu kila mtu ayaweza, hebu ngoja siku ya kuleta ripoti ifike!

Nitawapa kosa langu mwenyewe. Mwaka 2024 kikundi chetu kilikuwa kikikutana saa tano asubuhi ya New York, kwetu Mombasa saa moja usiku. Nikishaswali Maghrib, natulia. Machi 10 Wamarekani wakasogeza saa zao mbele, kama wafanyavyo kila mwaka, kikao kikaangukia saa kumi na mbili jioni. Wiki ile ile tukaanza kufunga. Basi adhana ikilia nazima kamera, nafuturu, naswali, narudi kimya kimya. Sikusema neno. Niliona haya kuwasumbua watu.

Wiki ya tatu nikakuta sehemu yangu ya ripoti amepewa mwengine. Hawakunigombeza. Waliandika tu kwamba yaonekana sina nafasi. Wallahi iliniuma zaidi. Na yule Mturuki naye alikuwa amefunga! Futari yao ilikuwa kama saa moja na dakika kumi, katikati ya kikao, lakini yeye tangu mwanzo aliwaandikia: dakika ishirini sitakuwapo, nitarudi. Wakampangia.

Aya ya 13 ya Suratul Hujurat twaisoma kila kongamano, nayo yataja kujuana. Mimi nilitaka wanijue bila ya kuwaambia kitu. Wala mimi sikuwajua. Dada mmoja Mmarekani barua zake hazikuwa na salamu wala hujambo, nikaona ni jeuri. Nilipojikaza nikawaandikia na kuomba radhi, naye akaeleza: alikuwa akituandikia akiwa kazini, kwenye mapumziko ya robo saa.

Kutafuta saa mpya kulikuwa kichekesho. Wao wakataka saa mbili na nusu usiku, nikawaambia hapana, hiyo ni tarawehe. Tarawehe ni nini? Nikaeleza. Tukaishia saa kumi na moja jioni kwetu, kwao saa nne asubuhi, na dada yule akabadilishana zamu na mwenzake ili aweze kuhudhuria.

Mwenye kikao kama hicho wiki hii, waandikie leo leo: Maghrib ni saa ngapi kwenu, utarudi lini, na kazi gani utaileta siku gani. Kisha waulize na wao.