Nguo Ulizo Nazo Zatosha

Mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza iliweka mgao wa nguo. Kila mtu mzima alipewa kuponi 66 za mwaka mzima, tajiri na maskini sawasawa. Ndipo watu wengi walipoirudia kazi ya sindano, na mgao ule haukuondolewa mpaka mwaka 1949.

Leo nchini Kenya hakuna mgao wa nguo. Lakini fedha inayonunua shati ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kununua madaftari ya mtoto. Basi kabla ya kwenda dukani au sokoni kwenye mitumba, yafaa mtu afungue kwanza sanduku lake.

Ukosi wa shati huchakaa mapema pale unapokunjwa. Ufumuliwe taratibu, ugeuzwe, kisha ushonwe tena. Shati litavalika kwa muda mrefu. Tundu lizibwe kabla nguo haijafuliwa, kwa maana kusugua hulipanua. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Nguo za rangi zigeuzwe ndani nje, zianikwe kivulini, kwani jua kali huzipausha. Nayo sare ya mtoto ishonwe na pindo pana, ipate kuteremshwa kadiri akuavyo.

Kiraka safi si aibu. Aibu ni mtoto kukosa daftari, hali fedha ya daftari inaning'inia msumarini.