Habari za Chama cha Hizbu



Chama cha Z.N.P. cha Unguja, ambacho watu hukiita Hizbu, kilianzishwa mwaka 1955. Chanzo chake kilikuwa wakulima wa Kiembe Samaki. Kisha Waarabu wasomi, hasa Sheikh Ali Muhsin, wakawa viongozi wake. Walidai uhuru upesi, wakanena kwamba raia wote ni Wazanzibari, bila kutazama kabila. Lakini wengi walikiona kuwa chama cha wenye mashamba ya karafuu. Na katika uchaguzi wa 1957 hakikupata hata kiti kimoja.

Julai 1963, Hizbu na wenzao wa Z.P.P.P. walipata viti 18. Afro-Shirazi walipata 13, ingawa kura zao zilizidi nusu. Serikali hiyo ndiyo iliyopatana na Bwana Jomo Kenyatta, Oktoba 1963, kwamba Mwambao, pamoja na pande zetu hizi, uwe sehemu ya Kenya. Uhuru wa Unguja ulifika tarehe 10 Desemba. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ikapinduliwa.

Basi tuyapime haya: kupata viti si kupata mioyo ya watu. Serikali isiyoaminiwa na walio wengi ni nyumba isiyo na msingi.