Mgongo, Msimu na Mnada: Kuchagua Tiba ya Kiuno Masasi na Newala



Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi akapanda hadi Newala, akakuta watu wamejenga juu kusiko na mto. Alisimuliwa kwamba babu wa Wamakonde aliwausia wanawe wakae juu, maana mabondeni kwenye maji kuna maradhi. Usia ule ulikuwa na busara yake, ila gharama waliibeba wanawake: maji yalifuatwa bondeni yakapandishwa kwa kichwa. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, ulipunguza safari hizo, haukuzimaliza. Ongeza kuinama chini ya mikorosho tangu Oktoba, na mashine ya kupulizia salfa inayobebwa mgongoni katikati ya mwaka. Nani asiumwe kiuno?

Hata hivyo tusiilaumu kazi peke yake. Mwaka 2020 watu wenye maumivu haya duniani walikadiriwa kufika milioni 619, na wengi wao hawajauona mkorosho kwa macho.

Leo nataka kuzungumzia uamuzi. Kwetu, tiba ya kiuno huamuliwa na mnada wa korosho. Mwaka mzima mtu anajivumilia kwa diklofenaki ya dukani, chuku na mafuta ya kuchua. Korosho zikiuzwa na malipo yakaingia kwenye akaunti, ukoo unakaa kikao: mzee apelekwe Dar es Salaam akapigwe picha ya MRI. Nia ni njema kabisa. Ila hakuna aliyeuliza kwanza mgongo wenyewe ni wa namna gani.

Ipo migongo isiyongoja mnada. Mgonjwa mwenye homa, jasho la usiku na kukonda huenda ana kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaotibika kwa vidonge ukiwahiwa na unaopinda mgongo na kupoozesha miguu ukichelewa. Aliyeanguka kutoka mtini, aliyewahi kuugua saratani, ambaye miguu inaishiwa nguvu: hao nao waende hospitali ya Mkomaindo, ya Ndanda au ya wilaya bila kusubiri. Na mtu akipata ganzi sehemu za siri huku mkojo umeziba au unatoka wenyewe, hapo tunahesabu saa. Akodiwe gari usiku huohuo.

Walio wengi hawana dalili hizo, na kwao picha inaweza kuleta madhara. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu wasioumwa mgongo hata kidogo. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ni kama mvi. Lakini mwambie mkulima wa Newala kwamba pingili zake zimesagika, uone. Anaogopa kuinama, anaacha shamba, anashinda kitandani, misuli inalegea, na maumivu yanazidi. Leader Stirling, daktari wa misheni aliyefanya upasuaji Lulindi na baadaye, mwaka 1975, akawa Waziri wa Afya, alifanya kazi yake huku kabla mashine ya MRI haijabuniwa. Tabibu wa zama zile ilimbidi aulize kwa makini na amshike mgonjwa. Sioni kwa nini tuliacha.

Basi tiba ni ipi? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unatanguliza maelezo mazuri kwa mgonjwa na mazoezi. Kukandwa kumo, kwa hiyo bibi mwenye mikono mizuri ana nafasi yake. Wembe wa chale ndio siutaki. Dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki zinafaa kwa muda mfupi. Anayezimeza miezi na miezi anatafuta vidonda vya tumbo na ugonjwa wa figo. Mikanda ya kiuno inayouzwa mitaani haipendekezwi, wala tramado na dawa nyingine za jamii ya afyuni.

Mazoezi yenyewe hayahitaji ukumbi. Lala chali mkekani, kunja magoti, inua nyonga, hesabu hadi tano, shusha. Kisha shika shina la mkorosho, chuchumaa taratibu, inuka. Tembea kila siku. Wakati wa kuokota, badilisha mkao: inama, piga magoti, kaa, maana hakuna mkao mmoja ulio salama siku nzima. Wiki za mwanzo huenda kukauma zaidi, punguza, usiache. Baada ya miezi miwili au mitatu jipime kwa ndoo ulizoweza kujaza, hata kama maumivu hayajaisha yote.

Upasuaji una watu wake, hasa wale ambao mshipa wa fahamu umebanwa, maumivu yanashuka mguuni, na miezi imepita bila nafuu. Hapo picha inamwongoza mpasuaji, na nauli ya kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili ina maana.

Kwa hiyo naziomba familia zitakazokaa kikao baada ya mnada ujao zimwulize tabibu swali moja kabla ya kulipa: majibu ya kipimo hiki yatabadilisha nini katika tiba? Asipokuwa na jibu, fedha ibaki kwenye akaunti.