Mpaka wa Busia na Masikio ya Angani



Mpaka huu wa Kenya na Uganda tunaouvuka kila siku, kwa miguu, kwa bodaboda na kwa malori yanayopanga foleni hadi Malaba, ni kazi ya makarani wa kikoloni, ambao mwaka 1902 walilikata jimbo la mashariki la Uganda wakalitia katika himaya ya jirani, na mwaka 1926 wakauthibitisha mstari wenyewe kwa amri iliyotoka Uingereza. Wala hapana aliyeuliza wakati ule mpaka huo unakomea wapi juu ya vichwa vyetu.

Swali hilo lilikuja baadaye. Juu ya istiwai, kwa umbali wa kilomita 35,786, iko njia ambayo setilaiti ikiwekwa huzunguka sawia na dunia, hata aitazamaye akadhani imesimama. Na tarehe 3 Desemba 1976, huko Bogotá, mataifa saba ya istiwai, Kenya na Uganda zikiwemo, yalitia saini tamko la kwamba sehemu ya njia hiyo iliyo juu ya ardhi yao ni milki yao. Mwaka huohuo Idi Amin wa Uganda alikuwa ameidai ardhi ya magharibi ya Kenya, na uhasama ukakaribia vita; basi majirani walioshindwa kusikizana juu ya ardhi wakapatana juu ya mbingu. Dunia haikuwakubalia, kwa kuwa mkataba wa 1967 umekataza taifa lolote kujimilikisha anga za juu.

Natuchukulie, kwa ajili ya hoja, kwamba wangalikubaliwa. Je, milki hiyo ingalitukinga na masikio ya angani? Januari 2009 Marekani ilirusha kutoka Cape Canaveral setilaiti ya kudukiza, ambayo watazamaji wa nyota wasio na cheo wala mshahara, kwa kupiga picha usiku baada ya usiku, waliiona imetua ubavuni mwa Thuraya 2, setilaiti ya simu ya Falme za Kiarabu, penye digrii 44 mashariki. Na nyaraka za siri za ujasusi wa Marekani alizozitoa Edward Snowden, zilipochapishwa mwaka 2016, zikathibitisha kazi ya setilaiti hiyo. Hila yake ni nyepesi kueleza: simu ya Thuraya hupeleka mawimbi yake juu, nayo hayawezi kumfikia mlengwa peke yake bila kumwagikia jirani aliyekaa karibu naye. Kadhalika minara yetu ya masafa: boriti ya mawimbi itokayo mnara mmoja kwenda wa pili huupita ule wa pili, na kwa vile dunia ni mviringo, masalio yake huendelea moja kwa moja hadi angani, ambako sikio lenye antena kubwa mno huyangojea.

Sasa tazameni ramani. Digrii 44 mashariki, istiwai imekwisha kutoka barani karibu na Kismayu, na chini ya setilaiti ile pana bahari tupu. Haiko juu ya Kenya wala juu ya Uganda, na lau tamko la Bogotá lingalikuwa sheria, isingaliihusu hata kidogo. Na bado, kutoka hapa Busia, pahali pake pa karibu sana na utosi.

Kwa hiyo naona waheshimiwa wale wa Bogotá walidai haki mahali pasipo na faida. Mchuuzi wa samaki wa hapa, mwenye laini mbili katika simu moja, anajua kwamba mtandao wa Uganda humfikia akiwa Kenya bila kupita forodhani. Mawimbi hayana pasipoti. Kinachovuja angani tumekipeleka wenyewe, na dawa yake iko ardhini. Nchi zetu mbili zilitunga sheria za kulinda taarifa za watu mwaka mmoja, 2019, lakini sheria haimfikii msikilizaji aliye kilomita elfu thelathini na sita. Nazisihi serikali zote mbili: habari yoyote ya forodha, ya benki au ya mgonjwa isitoke katika afisi zetu ila imefungwa kwa fumbo, na vijana wa vyuo vya pande zote mbili wafundishwe kulifunga fumbo hilo wenyewe.