Saa Kumi na Moja, Mwisho wa Reli



Ndugu wapendwa, katika Injili ya Dominika hii, kama ilivyoandikwa na Mathayo, mwenye shamba la mizabibu anatoka mara tano kutafuta vibarua, na mara ya mwisho anatoka saa kumi na moja. Sisi tusemao Kiswahili tuna bahati katika mfano huu, kwa kuwa tunahesabu saa kama zilivyohesabiwa na Bwana: saa kumi na moja ni jua likielekea kuzama. Tena kwa watu wa Mwamgongo, kaskazini mwa hifadhi ya Gombe, saa hiyo si ya kufunga kazi. Ndiyo saa ambayo wavuvi wa dagaa hutengeneza nyavu, hukagua taa na kusukuma mitumbwi majini.

Tusikiapo mfano huo, tunawakumbuka baba zetu na kaka zetu waliostaafu jeshini. Askari wa vyeo vya chini huondoka katika Jeshi la Wananchi mapema kuliko watumishi wengine wa umma, ambao hustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55 na kwa lazima wakiwa na miaka 60. Tumfikirie mmoja wao. Anashuka katika boti iliyotoka Kibirizi na sanduku lake la bati, bado ana nguvu za kubeba gunia. Kijijini anaitwa afande na kila mtu anamwamkia kwa heshima. Baada ya miezi sita kiinua mgongo kimepungua, naye akiamka asubuhi hajui pa kwenda. Wale vibarua wa Injili, walipoulizwa kwa nini wanasimama kutwa bila kazi, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Halikuwa jibu la wavivu.

Basi mtu huyu anaelekeza macho kwenye reli. Si ajabu. Kigoma ni mwisho wa reli, na reli hiyo ilijuana na askari tangu utoto wake: ilifika ziwani Februari 1914, na mwezi Agosti mwaka ule ule vita kuu ikaanza. Hata meli tunayoiita leo Liemba ililetwa kwa vipande juu ya reli hiyo, ikaunganishwa Kigoma na kutumika vitani.

Na kazi yenyewe askari anaielewa. Reli ya zamani ni ya njia moja. Treni iendayo Dar es Salaam na ile itokayo huko hupita juu ya vyuma vile vile. Kwa hiyo treni haitoki Uvinza kuja Kazuramimba mpaka stesheni ya mbele ikubali kuipokea na dereva apewe idhini. Dereva aweza kuwa hodari, abiria waweza kunung'unika. Bila idhini magurudumu hayageuki. Yule akida wa Kapernaumu, aliyemweleza Bwana kwamba yu chini ya wakubwa na ana askari chini yake, angeifahamu kazi hii kwa siku moja.

Lakini tusiipambe. Matangazo ya ajira za umma kwa kawaida humtaka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari katika utumishi. Asiyelijua hilo huuza mbuzi kwa nauli ya bure. Uendeshaji wa treni husomewa, na chuo cha reli kipo Tabora, haufundishwi njiani. Treni za umeme zilizoanza kufika Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2024 zinadai ujuzi mwingine tena. Kilicho karibu na mkono wa mstaafu ni kazi za mkataba: ulinzi wa vifaa, genge la kutengeneza njia, ufundi wa magari, ujenzi. Mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Ujenzi una mwisho wake, na msimamizi wa genge huenda akawa kijana wa rika la mwanao. Wala reli si shamba lile la mizabibu; haimlipi wa jioni sawasawa na wa alfajiri.

Hayo yote mwanamume aliyekula kiapo anaweza kuyavumilia. Linalotusumbua sisi ni jingine. Huko Mwamgongo yupo mama ambaye kwa miaka ishirini ameanika dagaa mchangani, amelipa ada za shule, amemzika mama mkwe, huku mumewe yuko kambini. Watoto wanamjua baba yao kwa likizo. Sasa baba anasema anakwenda Uvinza kwenye reli, na mama anamjibu taratibu, "Baba watoto, nilikungoja jeshi liishe. Sasa ningoje na reli?"

Hatuoni kosa kwa yeyote kati yao. Ada bado inadaiwa, na mtu mzima aliyezoea kazi huugua akikaa bure. Ila tutazame tena Injili: mwenye shamba alipatana na wale wa alfajiri kabla hawajaingia shambani. Ndani ya nyumba nako watu wapatane kabla barua ya maombi haijapelekwa. Miezi mingapi? Fedha zitapita mkononi mwa nani? Akiwa Kigoma mjini aweza kupanda boti na kulala kwake. Akiwa Tabora, ni jeshi la pili. Na kama mama atasema hapana, mume asimhesabu kuwa adui wa riziki, maana huenda anajua bei ya wavu na mashine ya boti kuliko yeye.

Makatekista, mkiwa na mstaafu wa namna hiyo katika jumuiya zenu, msikimbilie kumpa ulinzi wa kanisa. Mtembeleeni wiki hii, jioni, kabla mitumbwi haijaingia majini. Kaeni na wote wawili, na mwulizeni mama kwanza.