Vyakula vya Miaka ya Shida Katika Jiko la Leo

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji)



Huenda baadhi yenu mnajiuliza afisa habari ana shughuli gani na sufuria. Ofisi ya lishe imeniomba nizungumze juu ya vyakula ambavyo wazee wetu walizivusha navyo nyumba zao nyakati ngumu. Bei ya mkaa na ya mafuta ya kupikia inawarudisha wengi kwenye vyakula hivyo, lakini si wote wanaorudi wanaokumbuka namna vilivyotayarishwa.

Wazee waliopo hapa wanaukumbuka ukame wa 1974 na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Wengi zaidi wanaikumbuka miaka iliyofuata Vita vya Kagera, pale sukari, sabuni na mafuta vilipopatikana kwa foleni. Unga wa mahindi ya njano ulioletwa kutoka nje ukabatizwa jina la Yanga, na mashabiki wa Simba wakalazimika kuula hivyo hivyo. Huku kwetu Usukumani, nyumba iliyokuwa na michembe, matobolwa na nsansa ghalani ilikuwa na pa kushika.

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa vibichi. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, huwa matobolwa. Kwa watu watano, osha vikombe 3 vya michembe, iloweke kwa nusu saa, kisha uichemshe hadi ilainike. Mimina kikombe 1 cha karanga zilizotwangwa na chumvi kidogo, uiache itokote taratibu kwa dakika 10. Chakula hicho hakidai mafuta wala sukari. Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, nayo hupikwa kwa karanga. Jambo la kuongeza leo ni kuikamulia limau wakati wa kula, kwa sababu limau huusaidia mwili kuyatwaa madini ya chuma yaliyomo kwenye majani.

Karanga zichambuliwe. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizoota ukungu zitupwe, wala asizitengee mtu kuku wake. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walipoteza maisha kwa sumukuvu iliyokuwa katika chakula chao, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa. Anikeni juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo.

Makande nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa kila nyumba inayajua. Zamani kuni ziliokotwa. Leo moto unanunuliwa, na sufuria ya makande inaweza kuumaliza mkaa wa siku nzima. Lowekeni mahindi na maharage tangu jioni, mwage maji hayo asubuhi, ndipo mpike. Wenye sufuria ya presha waitumie. Magadi hulainisha maharage, ni kweli, lakini hupunguza baadhi ya vitamini na kuongeza chumvi mwilini. Aliyeloweka vizuri hana haja nayo.

Sasa niuzungumzie muhogo, na hapa naomba utulivu, hasa kwa vijana walioanza kusaga unga wa muhogo kwa ajili ya biashara. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Udaga wa wazee ulichukua siku nyingi kwa sababu hiyo: muhogo ulimenywa, ukavundikwa au kulowekwa kwa siku tatu na zaidi hadi ukalainika, kisha ukaanikwa hadi ukakauka kabisa. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, njaa ilizilazimisha familia kuzikatiza hatua hizo. Watu wakapatwa na ugonjwa uitwao konzo, ambao hupooza miguu yote miwili kwa ghafla, na miguu hiyo hairudii hali yake ya awali. Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa pale mlo unapokuwa muhogo mtupu, bila maharage, samaki, maziwa wala nyama.

Kwa hiyo, anayewaambia kwamba udaga wa siku moja ni uleule, msinunue kwake. Na kama mna shaka na unga uliokwisha kufika nyumbani, ipo njia rahisi. Ukorogeni unga na maji hadi ulowe wote, muutandaze juu ya sinia au turubai safi, tabaka jembamba lisilozidi sentimita 1, kisha muuache kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu iliyosalia hutoka kama hewa. Ugali upikwe siku hiyo hiyo, maana unga uliolowa haukai. Njia hii ni nyongeza ya kuvundika na kuanika. Haichukui nafasi yake.

Uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita usiwe wa muhogo peke yake. Utiwe karanga safi zilizosagwa laini, au maziwa yaliyochemshwa, au unga wa dagaa. Kijiko kimoja cha dagaa hakimfilisi mtu.

Afisa lishe ameshainjika sufuria mbili nyuma ya zahanati, moja ya michembe na moja ya nsansa, na sinia la unga uliolowekwa limetandazwa tangu asubuhi ili mlione na kuligusa. Akina mama wenye watoto wa chini ya miaka mitano, tafadhali piteni kwanza kwenye mizani na kadi zenu, kisha mkaonje. Wenye mashine za kusaga tunawaomba mbaki baada ya chakula. Mtendaji ana mazungumzo nanyi.